Zamu Yangu Chini ya Jeneza

Bwana asifiwe kwanza, halafu ndiyo tubishane.

Maana kuna ndugu amenishika mkono hapo mlangoni, sasa hivi, akaniambia wewe kijana huna ushuhuda wa kusimama mbele za watu. Hukuwa mlevi, hukuwa mganga, hukuugua ukapona. Kisha akashusha sauti, kama ananionea huruma, akasema mtu aliyempeleka rafiki yake jela angekaa nyuma kule anyamaze. Nimemwomba aketi anisikilize. Na nyie ndugu zangu nisikilizeni. Bwana ameniokoa na vitu viwili, mwendo na uongo, na vyote viwili nilivipenda kama wali wa sikukuu.

Nilikuwaga dereva wa teksi pale Temeke. Kusoma sikufundishwa na mtu, nilisoma kwenye vibao vya maduka, herufi moja moja, mpaka nikaweza Agano Jipya. Lakini kuendesha nilifundishwa na kaka Lazaro. Alinikuta stesheni nabeba magunia, hanijui simjui, akanipenda tu. Akanikalisha kwenye usukani wa gari ya tajiri wake, akanivumilia nilipoigonga kwenye mnazi, akamwambia tajiri ameigonga yeye. Mtu wa namna hiyo utamfanyaje? Mie nilimpenda kuliko ndugu wa tumbo moja. Ukimsema Lazaro mbele yangu, ngumi ilikuwa inafika kabla mwenyewe sijajua kwamba imetoka.

Sheria ya kituo chetu ilikuwa moja. Anayerudi kwanza ndiye anayekaa mbele, ndiye anayepata abiria anayefuata. Basi ukishusha mtu Mbagala, unarudi unakimbizana na mwenzako. Polisi wanajua, matajiri wanajua, abiria wanajua, na wengine ndio hao wanaokuambia kanyaga dereva, umelala?

Na kweli ni usingizi. Ndugu zangu, mwendo ule siwezi kuwaeleza vizuri. Jua la alasiri limelala juu ya vumbi, vumbi limekuwa rangi ya asali, injini inaimba wimbo mmoja tu. Minazi inakuja taratibu, halafu ghafla imeshapita. Watu wa kando ya njia huwaoni sura, ni kanga tu, ni kanzu, ni kikapu kinachoelea hewani bila mwenyewe. Unahisi barabara ndiyo inakimbia, wewe umetulia. Nimeendesha hivyo miaka, macho yamefunguka, mie mwenyewe sipo.

Siku hiyo Lazaro alikuwa mbele, mie nyuma yake, magari yote matupu. Mbele yetu alikuwa anatembea mzee mmoja, kabeba michi begani, ile ya kutwangia, mitano au sita imefungwa kwa ukindu. Alisikia magari, akafanya kama anavyotakiwa mtu mwenye adabu zake, akatoka barabarani kabisa, akasimama kwenye majani. Nilimwona. Nasema nilimwona, wala si kwa ndoto. Mie nikatoka upande kutaka kumpita Lazaro, Lazaro akanibania, gari yake ikaingia kwenye majani. Michi ikaruka juu. Ikaanguka mmoja mmoja, polepole, nikaisikia yote.

Askari alipofika, Lazaro alimwambia mzee alikuwa amelewa, anayumba, kajitupa barabarani. Askari akanigeukia mie. Nikasema mie nimeona, alikuwa anayumba, tena ananuka tembo la mnazi. Hilo la kunuka Lazaro hakunituma. Niliongeza mwenyewe, kwa mapenzi.

Sasa madereva wa Temeke tulikuwa na mtindo wetu. Mtu akigongwa akafa, kesho yake tunakwenda msibani na teksi zote, tumevaa safi, tunawapakia wafiwa bure kwenda makaburini. Watu wanasema wana ubinadamu hawa. Na mfiwa akishapanda gari yako, akishakushukuru, hawezi tena kusimama mbele ya hakimu akushitaki. Atajiona hana fadhila. Tulijua hivyo, ndiyo maana tulikwenda.

Marehemu aliitwa Mzee Salum, mchonga michi na vipini vya majembe, mtu wa kusini. Azikwe Chamazi, alikolala mama yake. Tukapanga magari sita mbele ya nyumba. Akatoka mdogo wake, Bwana Hamisi, mtu mfupi, mpole. Akatuamkia wote, akatushukuru, akasema gari hawapandi. Salum atabebwa na watu.

Wenzangu wakaondoka. Lazaro alikuwa hakuja, alijilaza kwake. Mie nikasema nitafuata nyuma, labda wazee watachoka. Basi nikawafuata, kwa mwendo wa miguu. Ndugu zangu, sijawahi kwenda polepole vile tangu nishike usukani. Mbele yangu jeneza limefunikwa shuka la kijani, linapanda na kushuka kama kitu kilicho juu ya maji. Watu wanavuta dhikri kwa pamoja, sauti ya chini, la ilaha illa Allah, hatua kwa hatua. Na mle njiani nikaanza kuwaona watu. Mama anayepepeta mchele. Mtoto ana jipu shavuni. Mzee kapiga magoti anafunga kamba ya baiskeli, anainuka, anavua kofia. Niliipita njia ile kila siku, na sikuwahi kujua kama kuna watu wanaishi pale.

Mnajua desturi. Jeneza likipita, kila mwanamume anayekutana nalo anaingia chini yake, anabeba hatua kadhaa, anampisha mwingine. Hawaulizi dini yako. Mtu mmoja akanigongea kwenye boneti, akanipungia mkono, njoo na wewe. Ningekataaje? Nikaacha gari kando, nikaingia, nikaweka bega.

Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonivunja. Nilitegemea uzito wa kuniangusha, na mzee yule alikuwa mwepesi kama shuka lililoanikwa. Bwana Hamisi alikuwa upande wa pili wa mti wa jeneza, uso wake karibu na wangu. Hakujua mie ndiye niliyemsema kaka yake kwa askari. Akaniambia taratibu, kama mtu anayezungumza na jirani:

"Kufa si neno, kijana, wote njia moja. Lakini wamesema alikuwa amelewa. Kaka yangu hajaonja tembo toka azaliwe. Mkewe yuko ndani ya eda, na majirani wanamuuliza kama ni kweli."

Nikampisha mtu. Nikakaa chini kwenye majani, na pale nikalia. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, msidanganywe. Nilisikia dhikri inakwenda mbali, na ndani yangu neno nililolisoma mwenyewe kwenye kile kitabu, usishuhudie uongo. Nikasema Yesu, mie nimemuua huyu mzee mara mbili. Nishike mkono, peke yangu sitaweza.

Nilikwenda kwa Lazaro kwanza. Sikumzunguka. Nikamwambia usoni kwamba nakwenda polisi kusema alivyofanya yeye na nilivyofanya mie, twende pamoja. Akasema:

"Mie nilikushika mkono ukajua usukani. Leo unanishika koo?"

Nikamwambia, kaka, ndiyo maana nimekuja kwako kabla ya kwenda kwao. Akafunga mlango.

Mahakamani nilisema yote. Kwamba tulikuwa tunashindana. Kwamba mzee alikuwa nje ya barabara, amesimama, mzima wa akili. Kwamba tembo nililitunga mie. Hakimu, Mzungu mmoja, aliniuliza kama najua ninajitia kitanzi mwenyewe, nikasema najua, bwana. Lazaro akapewa mwaka na nusu. Mie miezi minne, na leseni ikachukuliwa. Lakini karani alisoma kwa sauti, na Bwana Hamisi yupo, na majirani wapo, kwamba marehemu Salum hakuwa amelewa. Nilimwona Bwana Hamisi anafumba macho. Nikaenda jela, nikalala usingizi wa mtoto. Aleluya, ndugu zangu!

Sasa natembea kwa miguu. Kila Jumapili nikitoka hapa nampelekea Lazaro chakula kule gerezani. Chakula anakipokea, mie haniangalii. Na mtu akimtukana mbele yangu bado damu inachemka, Bwana ananishika ngumi. Nampenda. Nilimpenda vibaya zamani, nikidhani kupenda ni kuficha, na ningeendelea kumficha hivyo angeua wa pili na wa tatu, na mie nashuhudia kwamba walikuwa wanayumba.

Ndugu zangu, mwaminini Yesu. Nilichofanya hakikufutika kikawa hakijafanyika, mzee yuko Chamazi chini ya udongo. Ila Bwana alinipa miguu ya kwenda kukisema, na nilipofika mlango wa polisi nikamkuta ameshafika. Mpeni mkono, hata nyie wa nyuma.

Na humu ndani wamo madereva, wamo matajiri wa magari, wamo waliokaa kiti cha nyuma wakaona. Basi niambie wewe, unamficha nani?