Mkeka wa Mama Florentine

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa Baraka na ninyi wa kule juu Kilembwe, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Sajini Placide, mtoto wa kijiji cha Lubondja. Alikufa vitani akiwa na miaka ishirini na tisa. Mwili wake haujaonekana mpaka leo.

Ana medali, lakini msidhani alizaliwa shujaa. Dada yake, Georgette, anacheka huku anafuta machozi: "Ule mutu wa médaille, akiona bata alikuwa anapanda juu ya kiti!" Na akija likizo, alivua buti akamtwangia mama yake sombe, majani ya muhogo. Majirani walimtania weee, yeye anatwanga tu.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa tatu. Watu walikuwa wanakimbia mapigano, na njia ilipita kwenye kidaraja cha miti. Placide alibaki nyuma na bunduki yake ili wao wavuke. Mama Akimana, mkimbizi kutoka Burundi, alivuka wa mwisho. "Alikuwa anapiga kelele: 'Bamama mbele! Muache mizigo!' Nikageuka, nikamuona amepiga goti. Kisha sikumuona tena." Watu thelathini na wanne walivuka. Placide hakuvuka.

Sasa, kwetu mnajua. Mama aliyefiwa analala chini, kwenye mkeka, mpaka mtoto wake azikwe. Huyu azikwe vipi? Wazee wakasema lizikwe shina la mgomba mahali pa mwili, kama walivyofanya babu zetu. Mama yake, Mama Florentine, akakataa katakata. "Mi nilizaa mutoto. Sikuzaa mugomba." Akalala chini miezi kumi na minne. Alikuwa bado anangoja hodi ya mwanawe, jamani.

Haikuja hodi. Ilikuja medali ya ushujaa. Mama aliitwa aje hapa Baraka, akawekewa mkononi mbele ya watu, watu wakapiga makofi. Akaitazama muda mrefu. Njiani akamwambia Georgette: "Kama mutoto iko muzima, bangevalisha yeye." Alipofika nyumbani akawaita wazee: "Mukate mugomba."

Walizika Jumamosi iliyopita. Shina lilifungwa kitenge, na mama akabandika medali juu yake. Shemeji yake, Norbert, akasema ibaki nyumbani, iwe kumbukumbu. "Ni yake," mama akajibu. "Mi nitaivaa wapi?"

Matanga yakaisha, mkeka ukatolewa nje, wakampandisha kitandani. Asubuhi Georgette alimkuta sakafuni, kwenye udongo mtupu.

Mama Florentine, Georgette, ukoo wote: poleni sana. Hatuna neno la kuwatosha. Nasi tunaosikiliza, tujiulize: aliyetufia tunamlipa nini, makofi tu?

Na ninyi thelathini na wanne mliovuka, kama mnanisikia: yule mama yuko Lubondja, na kinu kiko uani. Nendeni mkamtwangie sombe.