Paa la Nyumba ya Jagoda

Baba padri, ndugu, majirani na mafundi mliofika, kwa niaba ya familia, mimi fundi mwenzake nasoma habari za maisha ya mpendwa wetu.

Marehemu Bogumił Hryniewicki alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Lipówka, mashariki mwa Poland, akiwa mtoto wa pili wa seremala, na mwaka 1968 alishuhudia ghala la baba yake likiteketea, baada ya lami ya kuezekea kuachwa motoni bila mwangalizi, jambo ambalo hakulisahau.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha chuo cha ufundi Białystok alikohitimu mwaka 1979, akaezeka makanisa, shule na nyumba za mbao za wilaya hii, na kila alipozima tochi ya gesi ya kuyeyushia lami hakushuka, alibaki akipapasa mbao kwa mgongo wa kiganja, akisema moto haufi, hujificha, wenzake wakamtania kwamba analiatamia paa kama kuku.

Tarehe 7 Juni 1986 alifunga ndoa na Halina, wakajaliwa binti mmoja, Jagoda, ambaye baba yake alikuwa akimkarabatia nyumba ya bibi yake ili binti ahamie baada ya harusi yake.

Tarehe 14 Septemba mwaka huu paa lilikamilika, shada la matawi likatundikwa kileleni, na desturi yetu mnaijua, mwenye shughuli ndiye humimina glasi ya kwanza ya vodka, na akiwa bahili hutundikiwa ufagio badala ya shada, na siku hiyo mwenye shughuli na mshika tochi walikuwa mtu mmoja. Aliomba tumsubiri kidogo, lakini kelele zikapanda kutoka chini, "Shuka bwana, au umekuwa bahili? Tutalitoa shada tutundike ufagio!" Akacheka, akashuka. Tulikuwa kwenye supu moshi ulipochomoza pembeni mwa paa, na mama mkwe wake, Bibi Leokadia, alikuwa amejinyoosha chumba cha juu.

Bogumił aliingia akamtoa mzima, ndiye huyu bibi aliyeketi mbele yetu, ila yeye mwenyewe aliungua mapafu, akafariki hospitalini tarehe 20 Septemba, na uchungu wa kumpoteza hausemeki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, zimamoto wa kijiji, majirani mliobeba ndoo, na mafundi wenzake, ambao wiki ijayo wanaanza kuiezeka upya nyumba ya Jagoda. Shada litatundikwa, na vodka itasubiri mpaka mbao zipoe.

Pumzika kwa amani, Bogumił, safari hii tutabaki juu sisi.