Vijisanduku Vitatu vya Fundi Saa

Asubuhi ile kijiweni hakukuwa na mzaha. Patasi, mchonga mawe, alikuwa ameegemeza ukutani jiwe la kaburi la Fundi Saa, yule Mchina aliyekaa nao benchi hilohilo miaka kumi na minane, wakamzika juzi. Juu ya tarehe alikuwa amechonga vijisanduku vitatu, kama vilivyokuja kwenye karatasi ya Mama Steshenari, mwenye duka la kuchapa. Binti wa marehemu alikuwa njiani kuja kulitazama.

— Vyote vinafanana, alisema Patasi. Mtu gani jina lake ni kitu kimoja mara tatu?

— Ndiyo maandishi yao hayo, akadakia Profesa, fundi baiskeli asiyekubali kushindwa. Kila sanduku ni chumba. Jina limekaa ndani.

— Mbona hamna mlango?

— Wakubwa hawaonyeshi mlango! Na utupu ndiyo heshima yenyewe. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

— Profesa, waache wahenga wapumzike.

Mama Steshenari akafika akihema.

— Patasi, weka chini nyundo! Niwie radhi, kaka yangu. Kompyuta yangu haina fonti ya Kichina. Ikikosa sura ya herufi, inaweka kisanduku. Jina la watu limo kwenye ujumbe alionitumia binti yake, mashine ndiyo imeshindwa kulionyesha.

— Mungu wangu! Nimemchongea mwenzangu vibweta vitupu!

Kabla hajapata pa kulificha jiwe, binti akawa amesimama mbele yao. Alivipapasa vile vijisanduku kimoja kimoja. Hakugomba.

— Basi jina liandikeni kwa herufi zenu, alisema. Mlivyokuwa mkimwita.

— Fundi Saa, alijibu Profesa.

— Hiyo ni kazi yake. Jina lake?

Profesa akamgeukia Mama Steshenari. Mama Steshenari akamtazama Patasi. Patasi naye alitafuta kichwani miaka kumi na minane yote, asiambulie kitu. Ilhali kijiweni pale mtu pekee aliyemwita yeye kwa jina alilopewa na mama yake alikuwa Fundi Saa.

Akaligeuza jiwe upande wa nyuma, ulio safi, akampa binti chaki.

— Tuandikie jina lake, mwanangu. Kisha lisome, tulisikie.