Msomaji Mpya wa Wasokota Tumbaku

Ndani ya basi la Havana, Idalmis alikumbatia vitabu vyake kama mtu anayepelekwa kortini. Leo angejaribiwa kuwasomea wasokota tumbaku wakiwa kazini: wakipendezwa hugonga mezani visu vyao vya kukatia majani, wakichukizwa huviangusha sakafuni.

"Hicho cha uongozi kiache, binti," akasema mzee wa kiti cha pili aliyenuka tumbaku, akivikagua vitabu vyake. "Mabosi tunao wa kututosha." "Basi cha sayansi ya nyota?" "Tutasinzia kabla ya kahawa." "Gazeti je?" "Wakubwa wanasifiana tu humo." "Sasa nisome nini, mzee wangu?" "Mwenzako wa juzi alituuliza hivyohivyo. Sakafu ndiyo iliyomjibu."

Basi likasimama langoni mwa kiwanda. Mzee akampa mkono mmoja ashuke. Wa pili ulikuwa umeshika kisu chake cha kazi.