Mama Chapchap, Aliyesajiliwa Nyuma ya Binti Yake

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wauguzi mliofika hapa moja kwa moja kutoka zamu bila kupata nafasi ya kubadilisha sare, kwa niaba ya familia nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza niseme kwamba tuliyaandika tukiwa tumekaa sebuleni kwake, mumewe, watoto wake wawili na mimi mdogo wake, na tulipofika mahali pagumu tukataka kuparuka, binti yake ndiye aliyesema, "Mjomba, hapo pasomwe, Mama mwenyewe hakuwahi kulificha, sisi tulifiche la nini?"

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, na wazazi wetu walikuwa wakisimulia kwamba alisimama na kutembea kabla hajajua kutambaa vizuri, kwa kuwa hakuwa na subira ya kupita hatua zote, tabia ambayo haikumwacha hadi utu uzima na ndiyo iliyompa jina la Mama Chapchap, ambalo wengi wenu mnamjua kwalo kuliko jina lake la kuzaliwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1980, na nafasi ya masomo ya juu ilipokosekana alijiunga na mafunzo ya uuguzi msaidizi, akayamaliza Novemba 1983, na tarehe 2 Januari 1984 akaripoti katika wodi ya upasuaji ya wanawake ya hospitali yetu kubwa, wodi ileile ndefu yenye madirisha upande mmoja tu, ambako alifanya kazi maisha yake yote, akisifika kwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika, na wagonjwa walimwita Sista, ingawa kwa utaratibu Sista alikuwa yule mwenye leseni na sare nyeupe, na yeye alivaa ya kijani, lakini hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha, wala yeye hakujisumbua.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na dereva wa ambulensi wa hospitali hiyohiyo, ambaye hadi leo husema kwamba yeye ndiye aliyepewa king'ora lakini mwendo alipewa mkewe, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye sasa ni fundi umeme, na wa pili wa kike, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1991, mtoto mtaratibu kupita kiasi, wa kufunga kamba za viatu mpaka kengele ya shule ikalia bila yeye, na mama yake akawa anamwuliza kila asubuhi, "Wewe ulitoka tumboni mwa nani, maana kwangu hukutoka?"

Mwaka 2010 mambo mawili yalitokea kwa pamoja, binti alipata nafasi ya stashahada ya uuguzi, na hospitali ikatangaza kwamba wauguzi wasaidizi wanaotaka kuwa wauguzi kamili waende wakasome, basi mama na mwana wakajikuta chuo kimoja na darasa moja, mama akiwa benchi la mbele na binti nyuma karibu na mlango, na miaka ile mitatu ilikuwa ya furaha kubwa nyumbani, kwa sababu marehemu alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza, kuanzia sokoni mpaka saluni, kwamba yeye na mwanawe watavaa nyeupe pamoja, siku moja.

Haikuwa hivyo, na hapa ndipo tulipotaka kuparuka. Septemba 2013 walifanya mtihani wa usajili, ule ambao usipoufaulu hupewi leseni hata kama chuo umekimaliza, na katika maandishi wote wawili walipita, lakini kwenye vitendo marehemu alielekezwa kwenye kitanda alicholazwa mgonjwa wa plastiki, akaambiwa ampe sindano iliyoandaliwa kwenye trei, naye akanawa, akavuta dawa, akasema, "Pole mama, kidogo tu," akachoma na kumaliza kabla msimamizi hajatulia kwenye kiti. "Umemchoma nani?" msimamizi akauliza, na marehemu akajibu, "Mgonjwa," basi msimamizi akainua mkono wa yule wa plastiki akamwonyesha mkanda wake, wenye jina tofauti kabisa na lile lililobandikwa kwenye trei. Miaka yote ile wodini aliwajua wagonjwa wake kwa sura, kwa sauti, hata kwa ndala walizovua chini ya kitanda, hakuwa na desturi ya kumwuliza mtu jina, na ilikuwa desturi mbaya, alikuja kukiri mwenyewe, isipokuwa kukiri huko kulichelewa.

Matokeo yalipotoka tarehe 29 Novemba, binti amefaulu na mama amerudishwa, nyumba ilijaa majirani na vigelegele, marehemu akakenua meno na kumkumbatia mwanawe mbele za watu, kisha akaingia jikoni akaanza kusugua masufuria ambayo yalikuwa safi, na mumewe alipomfuata kumwuliza kulikoni, alisema, "Niache, nikitoka nitasema neno." Februari iliyofuata binti aliajiriwa, na kwa bahati ambayo hakuna aliyeiomba akapangwa wodi ileile ya upasuaji, akiwa na sare nyeupe iliyokaa mwilini vizuri mno, na wagonjwa wale wa kurudirudi, ili kuwatofautisha hao wawili, wakaanza kumwita marehemu Mama Sista, yaani mama yake Sista, jina lililomchoma kuliko sindano yoyote. "Mimi nilikuwa Sista huyu hajaota jino," alilalamika kwa wenzake, na nyumbani alipopiga pasi alipiga sare yake ya kijani mpaka ikasimama yenyewe, na ile nyeupe akaiacha kwenye kikapu kama haioni.

Wivu wa mzazi kwa mtoto wake ni kitu ambacho watu hukitafutia majina mengine, husema ni uchovu, ni umri, ni presha imepanda, lakini dada yetu aliuita kwa jina lake, alikuja kwangu Jumapili moja akakaa bila kuvua mtandio akasema, "Mdogo wangu, namwonea wivu mtoto niliyemfundisha kushika kijiko, sasa nifanyeje, niende wapi nao?" nasi tunaomba asihukumiwe kwa hilo, maana alipenda kitu kimoja kwa miaka thelathini, akakiona kinapita mlangoni mwake kinaingia chumba cha pili.

Binti alijitolea kumfundisha kwa ajili ya kurudia mtihani, akamwambia, "Mama, unajua kila kitu, tatizo ni haraka, nenda polepole useme kwa sauti unachofanya," na marehemu akajibu, "Nikitaka kujua polepole nitamwuliza kinyonga," akafanya mazoezi peke yake kwa mlango uliofungwa, na Septemba 2014 alikumbuka kumwuliza jina yule wa plastiki, akakumbuka na mkanda, halafu baada ya kuchoma akarudisha kifuniko kwenye sindano kwa mikono yake miwili, kama walivyofanya wote alipoanza kazi, kabla tabia hiyo haijapigwa marufuku kwa sababu ya kujichoma, na akarudishwa tena. Jioni ile alimwambia mwanawe neno ambalo mumewe alitaka lisisomwe na binti akataka lisomwe, alimwambia, "Umefurahi sasa, umebaki Sista peke yako," na wiki nyingi zikapita hao wawili wakisemeshana kupitia kwa baba, ambaye alikuwa na malaria siku zilezile, akasikika akilia kutoka chumbani, "Nina manesi wawili nyumba nzima na hakuna wa kuniletea maji ya kunywa!"

Ni baba huyo pia aliyewapatanisha, kama kupatana ndilo neno lake, kwa sababu mwaka uliofuata, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho ambao marehemu alikuwa anaruhusiwa, mumewe alijilaza kwenye kochi la sebuleni akakunja mkono wa shati, akajifunga mkanda wa karatasi wenye jina lake, akasema hanyanyuki mpaka achomwe, na marehemu, kwa kuwa kushindwa safari ya tatu kungemrudisha kwenye kijani moja kwa moja, akakubali binti asimame pembeni amwangalie. "Jina lako nani?" akamwuliza mumewe, naye akamwambia, "Mama watoto, umenisahau?" na binti, bila kucheka, akasema, "Baba, taja majina yote, na wewe Mama angalia mkanda," ikawa hivyo kila jioni, kwa bomba lisilo na sindano, marehemu akikosea kwa haraka na kusahihishwa kwa upole, na alikuja kusema kwamba upole ule ndio uliomuumiza zaidi, angefokewa angepata nafuu.

Alifaulu. Tarehe 1 Februari 2016, akikaribia miaka hamsini na mitatu, aliingia wodini kwa sare nyeupe akiwa muuguzi mpya, mpya kama wale mabinti wawili wa umri wa mwanawe walioanza naye, na kwa kuwa kila muuguzi mpya hupewa mlezi wa kumwangalia miezi sita ya kwanza, na zamu ile aliyestahili kuwa mlezi alikuwa mmoja tu, Matroni alimpanga kwa binti yake, na siku hiyohiyo, kwenye kitanda cha kwanza, binti akamwambia mbele ya wagonjwa, "Sista, jina la mgonjwa kwanza," marehemu akageuka na trei mkononi akasema, "Nimekuzaa mimi!" wodi nzima ikaangua kicheko, mpaka Matroni akatoa kichwa ofisini akasema, "Humu ndani hakuna aliyemzaa mwenzake, endeleeni na kazi."

Mwezi wa pili wa kazi hiyo akina mama wawili, waliofanyiwa upasuaji siku moja, walibadilishana vitanda wenyewe kwa sababu mmoja alitaka dirisha, na marehemu akaja na dawa ya mmoja ambayo mwenzake ingemuua, akafika, akafungua kinywa kuuliza jina huku akikereka, akasikia jina ambalo silo, akarudi nyuma hatua moja akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo muuguzi hafanyi akiwa kazini. Hatutawadanganya kwamba siku ile wivu uliisha, bali ulizidi, kwa kuwa mpaka hapo aliweza kujiambia kwamba mwanawe alifaulu kwa bahati na kwa ujana, na sasa alijua kwamba mwanawe alikuwa sahihi, na zamu ilipoisha akampigia pasi sare yake nyeupe, akaitundika mlangoni kwake. Miezi sita ilipomalizika alithibitishwa, akafanya kazi hiyo kwa sifa njema hadi kustaafu Machi 2023, wakati huo binti akiwa ndiye msimamizi wa wodi, na hata kwenye hotuba yake ya kuaga alimshukuru Matroni, akawashukuru wapishi, akamshukuru fundi wa lifti, na binti yake hakumtaja.

Oktoba 2024 alianza kuumwa tumbo, vipimo vikaonyesha uvimbe, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na mwezi Mei mwaka huu akalazwa kwa mara ya mwisho katika wodi yake mwenyewe, kitanda cha karibu na mlango, na hapo wivu wake ukageuka upande, akaanza kuwaonea wivu wagonjwa wenzake, kwa sababu binti alipita kitanda kwa kitanda kwa utaratibu wake, aliyezidiwa akitangulia, bila kumpendelea mama. "Mwangalieni," alituambia tukienda kumwona, "kwa yule bibi anacheka, kwangu anakuja na uso wa kazi," na binti alipomfikia alimgeuzia mgongo, akigeuziwa mto analalamikia mto, akipewa maji anasema ni ya moto, na akiondoka anamfuata kwa macho mpaka kitanda cha mwisho.

Alhamisi iliyopita, tarehe 12 Juni, muda wa kuona wagonjwa, hali yake ilibadilika, binti akaketi kwake akamshika mkono, na kwenye kitanda cha mbele mama mmoja aliyetoka upasuaji asubuhi akaanza kuvuja damu, daktari akaita, na binti hakuinuka. Marehemu ndiye aliyevuta mkono wake akautoa, akasema, "Nenda, yule ndiye wa kwanza, usinitie aibu," na binti akaenda, akabaki huko mpaka damu ikazuiwa, na mama yule yuko hai, ndugu zake wapo hapa pamoja nasi. Aliyekaa na marehemu dakika zile alikuwa nesi mpya, ana wiki chache tu kazini, na ndiye aliyetuletea maneno yake ya mwisho, kwamba marehemu alikuwa akitazama kitanda cha mbele, akamwuliza, "Wewe mpya?" akajibiwa ndiyo, akasema, "Basi usiniangalie mimi, mwangalie yule, hivyo ndivyo kazi hii inavyofanywa, yule ni mwanangu," akafumba macho.

Binti alitaka haya yasomwe yote, na alipomaliza kuyasimulia pale sebuleni alituambia kwamba nesi yule mpya hajamkosea kitu, ni msichana mzuri, lakini yeye tangu Alhamisi hawezi kumtazama usoni, anamwonea wivu, kwa sababu maneno aliyoyasubiri tangu sare yake ya kwanza aliyasikia nesi huyo.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia, Matroni aliyestaafu na aliyepo, wauguzi wa wodi ya upasuaji waliomvumilia akiwa mwenzao na wakamvumilia zaidi akiwa mgonjwa wao, majirani waliotupikia na kulala nasi, madereva wenzake na shemeji yetu, na kwa namna ya pekee nesi mpya, ambaye tunamwomba, tukimaliza hapa, asikimbilie gari la hospitali, aje akae karibu na binti yetu amsimulie tena, polepole, kama alivyosikia.

Umetangulia, dada, mke, mama. Amani ya Mungu ikupumzishe, Sista.