Bibi Hakikisha na Sahihi ya Tano

Wapendwa mlioacha shughuli zenu kuja kutusaidia kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha yake, na naomba radhi mapema kwamba nimechoka na nina hasira, na kwamba karatasi hii aliikagua mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sifa zote nilizomwandikia, akabakiza mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na tangu utotoni hakuwa mtu rahisi kuishi naye, maana mama akiuliza nani hakufagia uwanja sisi wengine tulitazama juu, yeye akataja majina yote, na la kwake akaliweka mwanzo.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na sekondari mwaka 1971, akaingia chuo cha tiba mwaka 1977, akahitimu udaktari Novemba 1982, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa katika wodi ya watoto ya hospitali kuu, chumba cha pili kushoto ukipanda ngazi, mahali alipokaa miaka thelathini na minne, akasomea ubingwa bila kuhama meza, na wanafunzi wake wakampachika jina la Bibi Hakikisha, kwa sababu kila walichomwambia aliwajibu kwa neno hilo moja.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, mtu mwenye subira ambayo sisi ndugu zake wa damu hatukujaliwa, wakapata binti mwaka 1988 na mwana mwaka 1991, na huyo mwana alipopata zawadi ya kwanza shuleni kwa mchoro wa moyo wa binadamu, mama yake alimrudisha kwa mwalimu siku ya pili aandike chini ya mchoro kwamba mishipa yote ilichorwa na mjomba, zawadi ikaenda kwa mtoto mwingine, na mjomba, ambaye ndiye mimi, sikusema naye wiki tatu.

Sasa nifike penye kidonda, kwa sababu aliniapisha nisiparuke.

Mwaka 2003 marehemu aliongoza utafiti wa dawa ya homa kwa watoto mia mbili na kumi na wawili, akiwa na muuguzi wake, fundi wa maabara na mtaalamu wa takwimu, watu wanne waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao, na makala ilipokuwa tayari akaongeza jina la tano, la profesa mkuu wa idara, ambaye hakumgusa mtoto hata mmoja wala hakufungua faili hata moja, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi ya idara, mkubwa huwekwa, na yeye akajiambia kwamba heshima si utumwa. Makala ilichapwa Juni 2004 katika jarida ambalo madaktari wengi hulifungua kabla ya kupanga kipimo cha dawa, ikasema dawa ile ni salama.

Oktoba 2008, stoo ya kumbukumbu ilipohamishwa, marehemu alishika tena kadi za watoto kumi na tisa wa utafiti ule ambao hawakurudi kupimwa siku ya tatu ya dawa, na fomu yao ilikuwa na visanduku viwili tu, kimoja cha alirudi na kimoja cha alihama, hivyo yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa amewaandika wote kumi na tisa kuwa wamehama. Akahakikisha, kwa kuchelewa miaka mitano. Saba kati yao hawakuhama popote, walilazwa na degedege wodi ya nne, ng'ambo ya ujia, hatua arobaini kutoka mezani kwake, na wawili hawakutoka wakiwa hai. Shemeji anasema siku hiyo alirudi nyumbani akakaa jikoni na koti lake la kazi, na alipoulizwa ana nini akajibu, "Nimewahamisha watoto wa watu kwa kalamu."

Tarehe 12 Januari 2009 aliliandikia jarida akikiri kosa na kuomba makala iondolewe, na baada ya miezi mitano akajibiwa kwamba kwa kanuni zao haiondolewi mpaka waandishi wote watano watie sahihi. Wanne walitia mwezi huohuo. Wa tano alisema atalitazama, kisha akasema yuko safarini, kisha akasema, na haya aliyasema mbele yangu ofisini kwake, kikombe cha chai mkononi, "Daktari, ya kale tuyaache yalale, jina langu limo mle." Limo mle! Jina lililoingia kwa adabu likageuka kufuli. Jarida nalo lilibadilisha wahariri mara tatu, kila mhariri mpya akaomba nyaraka zilezile upya, marehemu akapigwa danadana kwa barua thelathini na moja, na makala ile inasomwa mpaka leo, na dawa inapimwa kwayo mpaka leo. Tangu hapo alikataa kuweka jina la mtu asiyefanya kazi, akagombana na nusu ya hospitali, akastaafu mwaka 2017 bila sherehe.

Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, Aprili ikaonekana ni kansa ya kongosho, na akafariki Jumanne tarehe 12 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa ameniachia maneno haya niyasome kwenu, kwa kuwa hakuna mahali pengine yaliposomwa: kwamba watoto kumi na tisa hawakuhama, kwamba saba walipata degedege na wawili walikufa, kwamba kosa ni lake, na kwamba daktari yeyote aliyepo hapa asikitumie kipimo kile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia kukaguliwa, majirani waliopika na kufua wakati sisi hatujiwezi, na wafanyakazi wenzake, hasa muuguzi wake wa zamani, aliyekuja kwa magongo.

Profesa yuko nasi, kiti cha pili safu ya tatu, na amewatuma watu wawili tangu jana kuomba atajwe katika historia hii kama mlezi wa marehemu. Tumemtaja. Barua ya kuomba makala iondolewe iko mezani pale, kando ya kitabu cha rambirambi, sahihi nne zimo, kalamu nimeijaribu na inaandika, na gari la kwenda makaburini litaondoka saa kumi.

Pumzika sasa, Dada, kwa amani yako yote, sisi tunasubiri hapa.