Dada Yetu Kichwa na Mfungo Mkavu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya dada yetu kama yalivyokuwa.

Dada yetu, ambaye tangu utotoni tulimwita Kichwa, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, akiwa mtoto wa kwanza wa mpiga kengele na mshonaji. Alianza shule mwaka 1968, na mwaka huohuo alichapwa na baba kwa kuuliza, katikati ya ibada, kama watu hupiga magoti kwa kuamini au kwa kuwa aliye mbele yao amepiga.

Alihitimu shahada ya hesabu mwaka 1985, akaajiriwa chuo kikuu, na huko, katika chumba kisicho na dirisha, alitengeneza ndani ya kompyuta kijiji cha watu wa kubuni, kila mmoja akiwatazama jirani zake na kuamua kuiga au kutoiga, kisha akawatupia ibada mojamoja aone ipi itashika. Iliyokuwa rahisi ilififia upesi, iliyouma, tena hadharani, ilienea kijiji kizima, kwa kuwa anayekubali kuumia huaminiwa.

Aliolewa tarehe 3 Desemba 1988 na fundi umeme, mtu wa utani, aliyezoea kumwambia, "Hao watu wako wana raha, hawaumwi meno," na mwaka 1991 wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2009 mchungaji wa mtaani kwao, aliyekuwa akikimbiwa na waumini, alimfuata ofisini, kofia mkononi, akamuuliza, "Mwalimu, mashine yako inasemaje, niwafanye nini hawa watu?" Kichwa aliendesha programu, akamjibu bila kupepesa macho, "Wape kitu kigumu, kionekane, na uanze wewe." Ndivyo ulivyozaliwa mfungo mkavu, siku tatu bila chakula wala tone la maji, watu wakiwa wameketi kwenye viti nje ya kanisa, kila mpita njia akiwaona, na kanisa likafurika, naye Kichwa akaandika makala, akapewa uprofesa.

Machi 2011 mumewe, mgonjwa wa kisukari, naye aliketi kwenye viti vile. Binti alimsihi, "Mama, si wewe uliyeutunga? Mwambie baba ni hesabu tu." Kichwa alijibu kwamba akimtoa mmoja utafiti wote umeharibika, na kwamba baba yake ni mtu mzima. Fundi alianguka siku ya pili, akafariki njiani kupelekwa hospitali, mchungaji akamtangaza shujaa wa imani, makanisa mengine yakaanza kufunga, sawasawa na kompyuta ilivyotabiri, na mwezi Mei Kichwa aliuonyesha mchoro wa jinsi kifo hicho kilivyoueneza mfungo mbele ya wataalamu, wakampigia makofi. Tangu hapo binti hakumwita mama.

Hakuwa jiwe. Makofi yalipokwisha alirudi kwenye nyumba tupu, akaanza kupita mlango kwa mlango akisema, "Mfungo huu niliutunga mimi, Mungu hakusema lolote," watu wakamkaribisha kiti, wakamhurumia, wakanong'ona kwamba ujane umemchanganya. Muuza mkaa, aliyekuwa amefiwa na mwanawe katika mfungo, alimtemea mate usoni. "Mwanangu hakufa kwa hesabu zako," alimwambia, "toka hapa."

Tarehe 2 Juni 2023 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea sauti, majirani wakapokezana kumuuguza, na mwishoni mwa Septemba, hali ilipozidi, walifunga mfungo mkavu kwa ajili yake, wakamfungisha pamoja nao. Alipofaulu kutamka, "Maji," walilia kwa furaha kwamba sauti inarudi, wakaongeza maombi, wala hawakumpa. Alifariki tarehe 30 Septemba, sisi nduguze tukiwa bado njiani.

Familia inawashukuru madaktari, waliotuambia bila kuficha kwamba aliuawa na kiu, na majirani, waliomwosha, wakamgeuza, wakamshika mkono hadi mwisho, na wafanyakazi wenzake, ambao tayari wametuomba kompyuta yake ili utafiti uendelee.

Binti yake ameweka pipa la maji na vikombe pale mlangoni, akiomba kila mmoja anywe kabla ya kuelekea makaburini. Hadi tunasoma hapa, vikombe vyote ni vikavu.

Lala, dada yetu, amani ikupokee.